Kasia Moja, Siku Mbili

Mtu wa kwanza kuzinasa mbio za makasia za Oxford na Cambridge kwa kamera ya filamu alirudi na mkanda usiofika dakika moja. Mbio zenyewe zilikuwa zimechukua kama dakika ishirini. Mtu huyo ni Birt Acres, na siku ilikuwa Jumamosi, 30 Machi 1895, miezi tisa kabla ya ndugu wawili Lumière kuwaalika watu wa Paris walipie kutazama picha zinazotembea. Sinema ilikuwa bado haijapata ukumbi, na tayari kuna mwanamume kasimama na kamera yake kando ya mto Thames, anangoja boti mbili zipite.

Zikapita. Kichwa cha kuigeuzia kamera kulia na kushoto juu ya miguu yake mitatu kilikuwa hakijabuniwa. Kilichoingia kwenye lenzi kikaingia, kilichopita kikapita.

Acres alifikishwa pale na ugomvi wa kibiashara ambao haukuwa wake. Thomas Edison alikuwa na mashine ya kuchungulia, kinetoskopu: unalipa, unainamisha kichwa, unaona picha zikicheza ndani ya kabati. Uingereza hakuikatia hataza. Mwaka 1894 Wagiriki wawili wakamwendea fundi wa vyombo vya umeme wa Hatton Garden, London, jina lake Robert Paul, wakamtaka awaundie nakala. Paul alipojiridhisha kwamba sheria haimzuii, akaunda, tena nyingi. Lakini watu wa Edison walikuwa wakiuza mikanda kwa wenye mashine halisi tu, na kinetoskopu isiyo na mkanda ni kabati la kawaida. Ikambidi Paul awe na kamera yake na mpiga picha wake. Akampata Acres, mzaliwa wa Richmond, Virginia, mtoto wa wazazi Waingereza, mjuzi wa kemia ya picha. Mapema 1895 kamera ilikuwa tayari. Machi wakapiga mbio za makasia, Mei wakapiga farasi wa Derby, na kufika katikati ya mwaka walikuwa wameshagombana na kuachana, kila mmoja akidai kwamba kamera ni ubunifu wake.

Kwa nini makasia? Nadhani jibu ni la kiuchumi. Mbio hizo zilikuwa zikifanyika tangu 1829, na tangu 1845 njia yake ni ileile, Putney mpaka Mortlake, ndani ya London. Saa inajulikana, mahali panajulikana, na nusu ya mji imeshachagua upande wa kushangilia, hata wale ambao chuo kikuu hawajawahi kukiona lango lake. Ni bidhaa iliyokwisha kutangazwa. Paul mwenyewe, miaka miwili baadaye, alitengeneza kichwa cha kamera kinachozunguka ili apige maandamano ya jubilei ya Malkia Victoria. Kingemfaa zaidi mtoni.

Mimi ni mhariri wa filamu. Kazi yangu ya kumalizia chuo, huko London, ilikuwa dokumentari fupi kuhusu timu ya makasia ya wanawake ya chuo kimoja kinachofanyia mazoezi mtoni humo humo. Nilikulia Tanga, ambako mtu akivuta makasia ana sababu: upepo umekufa, au tanga limechanika. Mara ya kwanza kuwaona wasichana wanane wakivuta kwa nguvu zao zote kuelekea wasikokuona, na wa tisa ameketi tezi bila kasia akiwafokea, nilidhani naona adhabu. Huyo wa tisa huitwa koksi. Anashika usukani, anahesabu mivuto, na ndiye peke yake botini anayetazama mbele. Kitu kimoja tu nilikielewa bila kufundishwa, nacho ni maji. Thames pale Putney inajaa na kupwa kama bahari, na siku za bamvua mto hupanda barabarani kwenye gati la vilabu na kuyafunika magurudumu ya magari ya wageni wasiojua. Wenyeji huja kutazama. Mbio za Oxford na Cambridge hupangwa maji yakiwa bado yanajaa, ili boti zipate kusukumwa.

Nilianza kutafuta mikanda ya zamani kwa sababu ya uvivu, niseme kweli: nilitaka kuona wenzangu walisimama wapi nami nikasimame hapo. Nilichokikuta ni zaidi ya miaka mia moja ya watu werevu wakishindwa na kitu kilekile, na wakishindwa kwa njia za kuvutia.

Tatizo lenyewe ni hili. Ukisimama ukingo wa kaskazini, upande wa Middlesex, boti zinapita kutoka kushoto kwenda kulia. Vuka daraja la Hammersmith, simama upande wa Surrey, na boti zilezile zinatoka kulia kwenda kushoto. Unganisha picha hizo mbili, na mtazamaji atadhani boti zimegeuka zinarudi Putney. Wakati huohuo kila mpiga makasia amekaa akitazama anakotoka: boti inakwenda kulia, uso unatazama kushoto. Katika mbio za miguu, za farasi na za baiskeli, uso na mwendo vinakwenda pamoja. Huku mhariri ana mishale miwili inayopingana ndani ya fremu moja. Ongeza kona ndefu ya mto, inayoligeuza jua kutoka begani kwa mpiga picha mpaka machoni mwake ndani ya mbio moja. Njia nzima ni kilomita 6.8. Hakuna binadamu wala mguu wa kamera unaoweza kuziona zote kutoka nchi kavu.

Basi uwafuate majini. Ukiwa nyuma yao unapata baraka moja, kwamba wanakutazama. Michezo ambamo mshindani huwapa uso wale anaowaacha ni michache sana. Lakini mgongo wa koksi ndio unaojaza picha, nyuma yake mvutaji wa tezi, na wale saba waliobaki unahesabu viwiko. Ukija ubavuni, boti yenye urefu wa mita kama 18 inaingia yote kwenye fremu, ila watu wanabaki wadogo mno kuwa watu. Ukikaribia, mawimbi ya injini yako yanawaingilia, na kocha anakwambia maneno ambayo sikuyaweka kwenye filamu.

Suala la mawimbi ni la kale kuliko kamera. Mwaka 1898 mwundaji boti Sam Saunders aliunda Consuta, boti ya injini ya mvuke ya waamuzi wa mashindano ya Henley, nyembamba na nyepesi kiasi cha kukimbia sambamba na wapiga makasia bila kuwavuruga. Siri yake ni ubavu wa mbao nyembamba zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushonwa kwa waya wa shaba. Chombo cha kushonwa! Mtu wa pwani lazima aukumbuke mtepe wa Lamu na kamba zake za nazi, na mimi nilipoiona picha ya Consuta nilimpigia simu babu yangu mdogo, ambaye hakushangaa hata kidogo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, televisheni ilipotaka kupanda mtoni, Consuta ilikuwa mojawapo ya boti zilizoibeba kamera ya BBC.

Lakini sauti ilitangulia kufika mtoni. Mwaka 1927 BBC ilitangaza mbio hizo redioni kwa mara ya kwanza, kutoka kwenye boti iliyoitwa Magician, iliyopakia mitambo ya uzito wa karibu nusu tani. Watangazaji walikuwa wawili, Oliver Nickalls aliyekuwa mpiga makasia mwenyewe, na J. C. Squire, mshairi. Mchanganyiko huo unanifurahisha kila nikiufikiria: mmoja anajua kinachotokea, mwingine anajua kukisema. Kuanzia 1931 kazi ilishikwa na John Snagge, naye hakuiachia mpaka 1980. Snagge anakumbukwa zaidi kwa mwaka 1949, injini ya boti yake ilipomwangusha na wapiga makasia wakamtoka machoni. Aliwaambia wasikilizaji kwamba haoni nani anaongoza, ila ni ama Oxford au Cambridge. Watu wamemcheka tangu siku hiyo, na bado naona alikuwa mkweli kuliko sisi wahariri. Mwaka huo Cambridge ilishinda kwa robo ya urefu wa boti, kwa hiyo hata aliyekuwa karibu hakuwa na hakika.

Mwaka huohuo wa 1927, wakati wanaume wanapelekewa nusu tani ya mitambo, wanawake wa Oxford na Cambridge walishindana kwa mara ya kwanza, huko Oxford. Hawakuruhusiwa kuwa mtoni pamoja. Boti moja ilipita, kisha nyingine, na waamuzi wakapima mtindo wao kisha kasi yao. Ilichukua mpaka 2015 wanawake wahamishiwe Putney, washindane siku moja na wanaume, kwenye njia ileile, mbele ya kamera zilezile. Nilipoomba mikanda ya kihistoria ya wanawake kwa ajili ya filamu yangu nilipata vipande vifupi, vingi vikiwa vya utani, wapiga picha wakizihangaikia zaidi sketi kuliko makasia. Ya wanaume ilikuwepo ya kujaza siku nzima.

Televisheni sitaikalia sana. Ilianza kuzionyesha mbio hizo 1938, ikapanda botini baada ya vita, ikapata helikopta, na leo kuna kamera ndogo hata mbele ya uso wa koksi. Kinachonishangaza ni kwamba pamoja na mitambo yote hiyo, umma unakumbuka nini? Unakumbuka 1978, Cambridge walipozama karibu na daraja la Barnes, nchi nzima ikitazama vichwa vinane vikishuka taratibu huku mikono bado inavuta. Unakumbuka 2012, kichwa cha muogeleaji mmoja, Trenton Oldfield, kilipoibuka katikati ya makasia na mwamuzi akazisimamisha mbio. Zilipoanzishwa tena boti zikagongana na kasia la Oxford likavunjika. Yaani unakumbuka ajali. Na sababu yake, nimekuja kuamini, ni ya kiufundi kabisa: ajali ndiyo dakika pekee katika mchezo huu ambapo mvuto mmoja unatofautiana na mwingine.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo vitabu vya historia ya sinema havikunieleza, nikalijua mezani usiku. Kocha anatumia miaka kuhakikisha mvuto wa mia mbili unafanana na wa kwanza. Anachokitengeneza, bila kukusudia, ni zawadi kwa mhariri. Chukua picha ya kasia likizama Jumanne ya mazoezi, iunganishe na kasia likitoka majini Jumamosi ya mashindano, ukate pale pale jani la kasia linapogusa maji, na hakuna jicho litakalogundua. Mwili mmoja, fulana moja, mwendo mmoja. Mpira wa miguu haukuruhusu hivyo, pasi haijirudii. Makasia yanakubali uongo kwa urahisi kuliko mchezo wowote ninaoujua, na tangu kamera zianze kusogea, watu wamekuwa wakiyadanganyia.

Aliyefungua mlango huo kwa upana ni Leni Riefenstahl. Mwaka 1936 alipewa jukumu la kuipiga picha Olimpiki ya Berlin, kwa fedha ambazo chanzo chake kilikuwa serikali ya Hitler. Mashindano ya makasia yalikuwa Grünau, kwenye ziwa Langer See, mita 2,000. Mpiga picha asingeweza kukaa ndani ya boti siku ya fainali; uzito wake tu ungeamua mshindi. Kwa hiyo watu wake waliingia botini siku za mazoezi, na kamera ndogo za mkononi, wakapiga koksi akipiga kelele, meno, mishipa ya shingo, mgongo ukikunjuka. Kisha mhariri, ambaye ni Riefenstahl mwenyewe, akazipachika picha hizo ndani ya fainali. Alikuwa na mita kama 400,000 za mkanda, na kuupunguza kulimchukua mpaka 1938. Filamu hiyo, Olympia, ilionyeshwa kwanza tarehe 20 Aprili, siku ya kuzaliwa kwa Hitler. Ni mpango, wala si bahati.

Fainali yenyewe ilikuwa jioni ya mvua na upepo. Wajerumani walikuwa wameshachukua dhahabu tano siku hiyo. Wamarekani, wavulana wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, wengi wao watoto wa wakata magogo, wafugaji na wavuvi, walipangiwa njia ya nje kabisa inayopigwa na upepo, na hawakuisikia sauti ya kuanzishia. Mvutaji wao wa tezi, Don Hume, alikuwa mgonjwa. Koksi alikuwa Bob Moch. Walimaliza kwa dakika 6 na sekunde 25.4, Italia 26.0, Ujerumani 26.4. Boti tatu ndani ya sekunde moja. Ninapoitazama leo huwa najiuliza mbio za namna hiyo zilihitaji kuongezwa nini. Wakati huohuo mkono wangu unakiri kwamba zile nyuso za makoksi, za siku nyingine, ndizo zilizonikaza kwenye kiti.

Riefenstahl alifika mpaka kwetu, na wachache wanalijua hilo. Mwaka 1956 alikuja Kenya kutayarisha filamu juu ya biashara ya watumwa, gari lake likapinduka, akalazwa Nairobi, na filamu haikukamilika. Sisikitiki sana.

Wavulana wa Seattle wameshapigwa picha upya mara kadhaa. Kitabu cha Daniel James Brown cha 2013 kiliwarudisha midomoni mwa watu. Televisheni ya umma ya Marekani ikatoa dokumentari yao 2016, na George Clooney akatengeneza filamu ya kuigiza 2023, waigizaji wakifundishwa kuvuta makasia kwanza. Boti halisi, Husky Clipper, iliyochongwa na George Pocock, imening'inia darini kwenye ukumbi wa kulia wa wapiga makasia wa chuo chao, na vijana wanakula chini yake. Ningepewa dakika moja tu ya kuwaeleza wavulana wale, ningepiga dari hiyo.

Kwenye meza yangu mjadala ulikuwa mdogo zaidi lakini ni uleule. Nilikuwa na mashindano ya Jumamosi moja, yaliyopigwa kwa kamera mbili, moja juu ya daraja na moja kwenye boti ya injini iliyozuiwa kukaribia. Nilikuwa pia na Jumanne nyingi za alfajiri, koksi akiwa na kamera ndogo kifuani. Mwalimu wangu, mzee aliyeanza kazi kwa kukata mkanda kwa mkasi na gundi, aliniambia nichanganye tu. Kila mtu anachanganya, alisema, na mtazamaji amekuja kutazama filamu, hakuja kuapishwa. Mwenzangu aliyeshika kamera alikataa katakata. Nilikaa katikati yao wiki kadhaa.

Kilichonitoa ni sauti. Zamani koksi alijifunga kipaza sauti cha bati mdomoni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kuna kisanduku cha umeme chenye maikrofoni kichwani kwake na spika chini ya viti, ili hata yule wa omo asikie. Jumamosi ile tulimwekea koksi kinasa sauti, na kikarekodi mbio zote bila kukatika. Niliulaza utepe huo wa sauti mezani kama ulivyo, bila kuondoa hata pumzi, nikazijenga picha juu yake. Ukisikia koksi anasema wapinzani wamefika usawa wa kiti cha tatu, walikuwa wamefika usawa wa kiti cha tatu. Picha za Jumanne niliziruhusu ziingie mahali pamoja tu, wakati koksi anawakumbusha jambo walilolifanyia mazoezi, na nikaacha taa za alfajiri zionekane wazi kwamba hizi ni siku nyingine. Mzee alisema imepungua nguvu. Ni kweli, imepungua.

Sauti nyingine nyingi unazozisikia kwenye filamu za makasia, kama hukujua, hazikutoka mtoni. Injini ya boti ya kamera inafunika kila kitu. Ule mlio mzito wa makasia manane yakigeuka pamoja kwenye vishwara vyake mara nyingi umerekodiwa gatini, boti ikiwa imefungwa, mtu mmoja akivuta polepole.

Kuna dokumentari ya makasia ambayo naiweka juu ya Olympia, na ndani yake tukio kuu halikupigwa filamu hata sekunde moja. Tarehe 3 Machi 1976, wanawake kumi na tisa wa timu ya makasia ya Chuo Kikuu cha Yale waliingia ofisini kwa Joni Barnett, aliyesimamia michezo ya wanawake, wakavua fulana zao. Migongoni na vifuani walikuwa wameandika Title IX, jina la sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Nahodha wao, Chris Ernst, akasoma tamko. Malalamiko hayakuwa ya falsafa. Nyumba ya boti ya Derby, Connecticut, haikuwa na bafu la wanawake. Kila siku baada ya mazoezi walikaa ndani ya basi wakiwa wameloa, baridi ya Machi ikiwatafuna, wakingoja wanaume wamalize kuoga maji ya moto. Waliingia ofisini pamoja na mwandishi wa habari na mpiga picha za mnato. Kesho yake habari ilikuwa kwenye New York Times.

Mary Mazzio, mwanasheria aliyepiga makasia kwenye Olimpiki ya 1992, alitengeneza filamu juu ya tukio hilo 1999, A Hero for Daisy. Alikuwa na picha za mnato, magazeti, na wanawake wa makamo wenye kumbukumbu kali. Ernst wakati huo alikuwa fundi bomba, na katika habari iliyoanza na kukosa bafu hakuna mwandishi wa hadithi ambaye angethubutu kulibuni hilo. Mbio karibu hazipo kabisa. Kuna mgongo ulioandikwa kwa wino, kuna basi, kuna maji ya moto ya watu wengine. Baada ya kuiona nilirudi kwenye mikanda yangu nikatafuta vitu nilivyokuwa nimevipuuza: foleni ya soksi kwenye bomba la joto, viganja vyenye malengelenge vikibandikwa plasta, msichana anayelala sakafuni kando ya mashine ya mazoezi kwa sababu ana zamu ya kazi mgahawani saa mbili baadaye. Vilikuwepo. Mwenzangu alikuwa amevipiga wakati akingoja mvua ikatike.

Mazzio alirudi kwenye makasia 2020 na A Most Beautiful Thing, juu ya Arshay Cooper na wenzake wa shule ya sekondari Manley, magharibi mwa Chicago, vijana weusi waliounda timu ya makasia miaka ya 1990, wakati magenge yamegawana mitaa yao. Baadhi yao walikuwa hawajui kuogelea walipoanza. Miaka ishirini baadaye wanarudi majini wakiwa watu wazima wenye vitambi, na Cooper anawaalika polisi wa Chicago wavute nao boti moja. Wapo wanaoona sehemu hiyo imepangwa kwa ajili ya kamera. Imepangwa, ndiyo, na aliyeipanga ni mhusika mwenyewe, mbele ya macho yetu. Hilo sina neno nalo. Nina neno na kasia la Jumanne linaloitwa la Jumamosi.

Upande wetu wa dunia mchezo huu bado una nyuso chache. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Kathleen Noble alikuwa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda, na kwenye Paralimpiki iliyofuata Asiya Mohammed Sururu wa Mombasa aliiwakilisha Kenya. Natumaini kuna mtu alikuwa na kamera nyumba ya boti, na si kwenye mstari wa kumalizia peke yake.

Filamu yangu ilionyeshwa kwanza kwenye chumba cha juu cha klabu yao, juu ya boti. Niliwatazama wao badala ya skrini. Soksi ziliwachekesha. Mbio ziliwanyamazisha kwa namna nisiyoitarajia, na baadaye tu nikaelewa: aliyeko botini hajawahi kuona mbio zake. Mbele yake kuna mgongo au shingo ya mwenziwe, miezi yote, na koksi anamwambia mengine. Mmoja aliniuliza kama kweli pale kwenye kona walikuwa wanaongoza. Nikamwambia walikuwa wanaongoza. Hakuridhika. Alitaka picha ya darajani, ile ndefu, niliyoikata vipande vitano kwa sababu haina kitu: boti ndogo mbili zinakuja, zinapita chini, zinakwenda, na katikati kichwa cha mtu aliyevaa kofia kinaziba fremu kwa muda mrefu wa kuudhi. Aliitaka nzima, bila sauti ya koksi, bila mkato. Nikampa kwenye flashi. Nasikia wameitazama mara nyingi kuliko filamu, na wanaisimamisha wanavyotaka wenyewe.